Kwa nini kundi letu lilinyamaza vita vilipozuka?

SWALI: Nimo kwenye kundi kubwa la wapiga picha mtandaoni. Tumo wa mataifa mengi, na wengine tumejuana miaka mingi ingawa hatujawahi kuonana ana kwa ana. Vita vilipozuka baina ya pande mbili ambazo zote zina watu humu kundini, hakuna aliyetia neno. Nikaandika ujumbe mfupi wa kulaani mauaji ya raia. Ulikaa saa kadhaa bila jibu, bila hata emoji, kisha msimamizi akaufuta na kuandika: "Tubaki kwenye picha." Baada ya hapo watu wakaendelea kubishana kuhusu lenzi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huu wa kwetu una mshindo gani? Wanaunga mkono yanayotendeka, wanaogopa, au hawajali tu? Na mimi nibaki au nijitoe?

JIBU: Ndugu msomaji, pole. Mtu akisema jambo linalomchoma halafu asijibiwe hata kwa kuguna, huumia pengine kuliko aliyetukanwa. Aliyetukanwa angalau anajua amesikika.

Maswali ya namna hii hunijia kila vita vinapozuka, na karibu kila muulizaji hutaka nimchagulie moja kati ya hizo tatu ulizozitaja. Siwezi kukuchagulia, kwa sababu kundi lako lilinyamaza mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani. Upo ukimya uliokuwepo kabla hujaandika, na upo uliokuja baada ya ujumbe wako kufutwa. Wa kwanza hauna mshindo mkubwa kama unavyodhani. Wa pili ndio wa kuutazama, maana huo ulitengenezwa.

Tuanze na ule wa kwanza. Mwaka 2013 watafiti Sauvik Das na Adam Kramer walitoa matokeo ya utafiti uliohusu watumiaji milioni 3.9 wa Facebook. Walichunguza kitu ambacho kwa kawaida hakionekani: maneno yaliyoandikwa yakaachwa bila kutumwa. Katika siku 17, asilimia 71 ya watu hao walifanya hivyo angalau mara moja. Machapisho mapya yaliachwa zaidi kuliko komenti, asilimia 33 dhidi ya 13. Maana yake ni kwamba kuanzisha mazungumzo ni mzigo mzito kuliko kudakia yaliyokwisha kuanzishwa na mwingine.

Kwa hiyo siku zile ulipokuwa ukilitazama kundi limetulia, yawezekana kabisa ulikuwa ukiwatazama watu walioandika sentensi, wakaisoma upya, wakabadilisha neno moja, wakaisoma tena, wakaifuta. Unapochati na mtu mmoja huwa unaona pale juu neno "anaandika" likitokea, likipotea, likirudi, halafu hakuna kinachokuja. Katika kundi la watu mia kadhaa jambo lile lile hutokea mara nyingi kwa wakati mmoja, ila hakuna anayeliona. Unaona ukurasa mtupu tu na unadhani watu wamelala.

Kwa nini wanafuta? Sababu kubwa ni kwamba hawajui wanazungumza na nani. Ana kwa ana mtu hupima waliopo: huyu ni mwenzangu, yule ni mgomvi, yule mzee nimheshimu, hili nitalisema kwa sauti ya chini. Mtandaoni wasikilizaji wote hurundikwa pamoja. Alice Marwick na danah boyd walilieleza jambo hili vizuri mwaka 2011 walipochunguza namna watu wanavyoandika Twitter: unajikuta unaongea kwa mkupuo mmoja na mwajiri, mteja, shemeji, rafiki wa zamani na mtu usiyemjua kabisa, na kila mmoja ungemwambia jambo hilo hilo kwa namna yake. Ongeza hapo mtu asiyesema kitu ila anapiga picha ya skrini na kuipeleka kwingine. Mpiga picha anayeishi kwa kazi za harusi na matangazo, mwenye wateja wa pande zote mbili, anajua bei ya sentensi moja. Hahitaji kuambiwa.

Kuna kundi dogo ndani ya hao ambalo ningependa ulifikirie kwa makini kabla ya kusema "hawajali". Mara nyingi walio karibu zaidi na vita ndio wanaonyamaza zaidi. Ana mama yake mji unaopigwa mabomu. Ana kaka jeshini. Ana kibali cha kuishi ugenini kinachosubiri kusainiwa. Anatoka nchi ambayo chapisho moja linaweza kumpeleka mahakamani, au likawapelekea wageni wasiotakiwa nyumbani kwa wazazi wake. Mtu huyu anaingia kundini kwenu kusoma habari za lenzi kwa sababu ni mahali pekee siku hiyo ambapo hakuna anayemuuliza anaonaje. Wewe ukamwona asiyejali. Yeye alikuwa anapumua.

Sasa tukitoka kwa mtu mmoja mmoja tukaja kwa kundi zima, tunamkuta Elisabeth Noelle-Neumann, mtafiti wa maoni ya umma wa Ujerumani, aliyeandika mwaka 1974 kuhusu kile alichokiita mzunguko wa ukimya. Hoja yake si ngumu. Watu huogopa kutengwa, hivyo kila mmoja hunusa upepo wa maoni unavuma wapi. Anayehisi wenzake wako naye husema kwa sauti. Anayehisi yuko peke yake hunyamaza. Akinyamaza, walio kama yeye hawamsikii, nao wanajiona wapweke zaidi, nao wananyamaza. Baada ya muda maoni ya wengi yanaweza kuonekana kama ya wachache, na hakuna aliyedanganya popote.

Wakati mitandao ya kijamii inaingia, wengi walitumaini kwamba ingeukata mzunguko huo, kwamba mtu anayeogopa kusema mbele ya jirani angepata ujasiri nyuma ya kioo. Mwaka 2014 kituo cha utafiti cha Pew kilitoa matokeo ya kuwahoji Wamarekani watu wazima 1,801 kuhusu siri za upelelezi wa serikali yao zilizofichuliwa na Edward Snowden mwaka uliotangulia. Asilimia 86 walisema wako tayari kulizungumza jambo hilo ana kwa ana. Miongoni mwa watumiaji wa Facebook na Twitter, waliokuwa tayari kuliandika huko walikuwa asilimia 42 tu. Na aliyehisi kwamba marafiki zake wa Facebook wanakubaliana naye alikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuingia kwenye mjadala huo. Kumbe kioo hakikuwapa watu ujasiri. Kiliwaongezea wasikilizaji.

Na zile lenzi? Nadhani ndizo zilizokuudhi kuliko yote, na nakuelewa. Lakini hebu tazama jaribio hili la Bibb Latané na John Darley la mwaka 1968. Waliwaweka watu kwenye chumba wajaze dodoso, kisha moshi ukaanza kupenya kupitia tundu ukutani. Waliokuwa peke yao, watatu kati ya kila wanne walitoka kwenda kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa kimakusudi wasishtuke, alitoka mmoja tu kati ya kumi. Waliobaki walikohoa, wakapunga moshi usoni, wakaendelea kujaza dodoso. Walipoulizwa baadaye, baadhi walisema walidhani ni mvuke tu au hitilafu ya kiyoyozi. Hawakuwa watu wabaya, na hawakuwa wanaupenda moto. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akawaona wametulia, akahitimisha kwamba basi hakuna jambo. Kundini kwenu mtu akiingia akakuta mjadala wa lenzi unaendelea, anapata ujumbe ule ule: hapa hili halizungumzwi. Naye anauliza bei ya lenzi, na yule anayemfuata anamtazama yeye.

Hadi hapo ni ukimya wa kawaida, wa kibinadamu, na hauniambii lolote kuhusu mioyo ya watu. Ndiyo maana nakataa kuusoma kama kura. Wapo humo wanaounga mkono upande mmoja, wapo wanaounga mkono wa pili, wapo wasiojua vita viko wapi kwenye ramani, na wote wanatoa sauti moja, yaani hakuna sauti.

Kisha ukaja wewe.

Mtu wa kwanza kusema ndiye kipimo cha kila mtu. Wanakundi mia kadhaa waliokuwa wamefuta sentensi zao waliuona ujumbe wako, na hawakuanza kwa kupima maneno yake. Walisubiri kuona yatakayokupata. Je, atashambuliwa? Atashukuriwa? Msimamizi atafanya nini? Hata ile emoji ndogo ya moyo ni sahihi ya jina lako mbele ya watu, kwa hiyo wakaizuia. Saa zile chache kabla ya kufutwa zilikuwa za kupima maji kwa mguu wako. Ujumbe ulipoondolewa, kila mmoja alipata jibu lake bila kuuliza. Tangu hapo anayenyamaza hafanyi hivyo kwa sababu ya kutojua wenzake wanaonaje. Ameshafundishwa. Huu ndio ukimya wa pili, na huo una mwenyewe.

Lakini kabla hujamkaangia msimamizi mbuyu, ingia kidogo kwenye chumba chake. Nimekaa kwenye vyumba hivyo. Wasimamizi wanne, hawalipwi, kila mmoja yuko kwenye saa za nchi yake, mmoja anaandika akiwa kazini, mmoja ameamshwa usingizini. Mtu anapendekeza tamko: "Tunasikitishwa na vifo vya raia." Mwingine anauliza, wa upande gani? Haya, tuwataje wote. Nani atangulie? Anayetangulia ataonekana ndiye tunayemlilia. Tutaje shambulio la wiki iliyopita? Tukianzia hapo, hawa watasema tumefuta miaka yote iliyolitangulia. Tukianzia miaka hiyo, wale watasema tunahalalisha shambulio. Baada ya saa mbili sentensi imenyofolewa hadi haisemi chochote zaidi ya kwamba amani ni nzuri. Mmoja anasema, na hii itatuletea matusi pande zote, basi tusiseme. Wanakubaliana, wanalala. Wanaamka wanakuta ujumbe wako.

Hofu yao ya kutukanwa pande zote si ya kufikirika. Mwaka 1985 Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper walichapisha utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwaonyesha wanafunzi taarifa za televisheni kuhusu mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut mwaka 1982. Waliounga mkono Israeli waliona taarifa hizo zimeupendelea upande wa Waarabu. Waliounga mkono Waarabu waliziona zimeipendelea Israeli. Taarifa zilikuwa zile zile, dakika kwa dakika. Msimamizi anayetafuta maneno ambayo kila upande utayaona ya haki anatafuta kitu ambacho hakipo, na akikaa kwenye kazi hiyo muda mrefu hulijua hilo bila kusoma utafiti wowote.

Anajua pia ni nani watakaojaza mjadala akiufungua. Si wewe, na si yule mwenye mama yake chini ya mabomu. Pew hao hao walikuta mwaka 2019 kwamba asilimia 10 ya watumiaji wa Twitter nchini Marekani ndio walioandika asilimia 80 ya machapisho yote ya watu wazima wa nchi hiyo. Miaka miwili kabla, William Brady na wenzake walionyesha kwamba katika mijadala ya kisiasa ya Twitter kila neno la ziada lenye hasira au uchungu wa kimaadili liliongeza kusambaa kwa ujumbe kwa takribani asilimia 20. Ziweke takwimu hizo mbili pamoja na utaona picha ya saa sita usiku: watu watatu, komenti mia mbili, kila moja kali kuliko iliyotangulia, na wengine wote wamezima arifa. Msimamizi ndiye atakayeamka kufuta moja moja, na kwa kila atakayoifuta ataulizwa kwa nini ameiacha ile nyingine.

Tena kuna hofu ya sheria. Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021 na ya Kerala mwaka 2022, zote za India, ziliamua kwamba msimamizi wa kundi la WhatsApp hawezi kubebeshwa kosa la mwanakundi kwa sababu tu yeye ni msimamizi. Lakini huo ni msimamo wa mahakama hizo. Wasimamizi wengi duniani hawajui sheria ya nchi yao inasemaje, na asiyejua hufuta kwanza.

Kuna makundi yaliyochagua kusema, na yanafaa kutazamwa. Ravelry, mtandao wa wafumaji wa sufu wenye wanachama mamilioni, ulipiga marufuku mwezi Juni 2019 maneno yoyote ya kumuunga mkono Rais Donald Trump na serikali yake. Sera yenyewe waliiazima kwa RPG.net, mtandao wa wachezaji wa michezo ya kuigiza, uliotangulia kufanya hivyo mwaka 2018. Waliondoka watu kwa hasira, wakaja wengine kwa kushangilia, na mahali pale pakawa pa upande mmoja, kwa hiari na kwa uwazi. Sisemi walikosea. Ninachosema ni kwamba walijua gharama na wakailipa. Wasimamizi wako huenda hawataki kuilipa, na hilo peke yake si dhambi.

Halafu kuna kusema ambako kunaharibu kazi yenyewe. Machi 2022 mtunzaji mmoja wa programu huria iitwayo node-ipc, inayotumiwa ndani ya programu nyingine nyingi, aliingiza humo msimbo uliofuta mafaili kwenye kompyuta zenye anwani za Urusi au Belarusi na kuweka alama ya moyo mahali pake. Alikuwa anapinga vita vya Urusi nchini Ukraine. Aliyepoteza mafaili yake hakuulizwa anavionaje vita hivyo. Tangu hapo, katika makundi ya waandika programu, ukitaja siasa utajibiwa kwa kisa hicho, hata kama ulitaka kutoa rambirambi tu.

Haya yote nimeyasema kwa kumtetea msimamizi, na naona nimemtetea vya kutosha. "Tubaki kwenye picha" ni sentensi dhaifu, na katika kundi la wapiga picha ni dhaifu maradufu. Picha gani? Nina hakika kundini kwenu zimewahi kupostiwa picha za vita vya zamani, na watu wakasifu mwanga na mpangilio. Mwaka 2016 Facebook iliiondoa ile picha ya msichana wa Vietnam anayekimbia napalm akiwa uchi, iliyopigwa Juni 1972, ikisema inavunja kanuni za utupu. Gazeti la Aftenposten la Norway likapinga, Waziri Mkuu Erna Solberg akaiposti naye ikaondolewa, na siku hiyo hiyo kampuni ikarudi nyuma na kuirejesha. Huwezi kuchota picha ukaacha kilichomo. Kundi linaloruhusu damu iliyokauka miaka hamsini na kukataa ya jana limechagua jambo, ingawa halijalitamka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza msimamizi si kwa nini alikaa kimya. Muulize kama huwa anakaa kimya sawasawa. Hapa ndipo makundi mengi huanguka. Baada ya Februari 2022 mitandao na makundi mengi ya kazi na ya burudani yaliweka bendera ya Ukraine kwenye nembo zao. Vita vingine vilipokuja, mengi ya hayo yakakumbuka ghafla kwamba hayajihusishi na siasa, na wanakundi wenye kumbukumbu wakauliza. Ukishasema mara moja, ukimya wako unaofuata unakuwa na maana ambayo hukuitaka. Kundi ambalo halijawahi kusema lina utetezi. Kundi lililosema juu ya vita hivi likafuta ya vita vile halina.

Utaratibu wa haki unawezekana, na si lazima uwe mrefu. Jukwaa la AskHistorians lililoko Reddit lina kanuni ya miaka 20: jambo lisilofikisha umri huo halijadiliwi kama historia, liwe la nani, liwe limemuumiza nani. Unaweza usiipende kanuni hiyo, lakini huwezi kusema imekulenga wewe. Wikipedia ya Kiingereza ilifuata njia tofauti kwa makala za mgogoro wa Waarabu na Israeli. Mada haikufungwa, ila mlango ulipandishwa kizingiti: anayetaka kuhariri lazima akaunti yake iwe na siku 30 na mahariri 500. Mgeni aliyekuja kupigana tu huchoka kabla hajafika. Wikipedia hiyo hiyo ilifunga kurasa zake kwa saa 24 tarehe 18 Januari 2012 kupinga SOPA, muswada wa Marekani wa kuzuia wizi wa kazi za watu mtandaoni, kwa hoja kwamba muswada ule uligusa uhai wa kazi yao yenyewe. Hapo kuna mpaka unaoeleweka: tunasema kama mtandao pale kazi yetu inapoguswa. Kwa wapiga picha mpaka kama huo ungekuwa nini? Labda wapiga picha wanaouawa wakiwa kazini, labda picha za kughushi zinazosambazwa kama za kweli. Hayo ni ya kwenu kabisa, na hakuna anayeweza kuwaambia mbaki kwenye picha.

Sasa uliyouliza mwisho, ufanye nini.

Usiwataje walionyamaza. Huu mtindo wa kuandika "nimewaona wote mliokaa kimya, tutakumbuka" nauona kila vita, na haujawahi kuleta sauti ya kweli. Timur Kuran, mwanauchumi, ameandika kwa muda mrefu kuhusu watu wanaoficha ya moyoni na kutoa mengine hadharani kwa kuogopa wenzao, na hilo hukata pande zote. Tamko lililotolewa kwa kushurutishwa halikuambii zaidi ya ukimya ulioshurutishwa. Utapata orodha ndefu ya moyo mwekundu na hutajua ni nani anayeumia.

Tafuta wa pili. Katika majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu walitakiwa kulinganisha urefu wa mistari huku wenzao chumbani, waliopangwa, wakitoa jibu la uongo kwa pamoja. Takribani theluthi ya majibu yalifuata uongo huo, kinyume na macho ya mtu mwenyewe. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu aliyesema kweli, makosa yalishuka hadi robo ya yale ya awali. Mtu mmoja. Kwa hiyo kazi yako si kulishawishi kundi. Waandikie faraghani wanakundi wawili watatu unaowaamini, wa pande zote mbili kama unao, uwaulize hali zao kwanza. Usiwaulize msimamo. Nakuhakikishia utashangazwa na baadhi ya majibu, na pengine utagundua kwamba mmoja wao naye alikuwa ameandika akafuta. Siku moja wewe usiwe wa kwanza. Awe mwingine, na wewe ndiwe umtie moyo dakika ile ile anapoandika, kabla ya zile saa za kungoja.

Kubaki au kujitoa ni lako. Mwanauchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na kikundi chake ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na uaminifu kwa kikundi ndio unaomchelewesha kuondoka. Alionya pia kwamba wanaojali zaidi wanaweza kuwa wa kwanza kutoka, kikabaki kikundi kisicho na wa kukirekebisha. Mimi ningejitoa kwa mambo mawili. La kwanza, kama ujumbe wa upande mmoja hufutwa na wa upande wa pili huachwa. La pili, kama mwanakundi anatukanwa kwa sababu ya taifa lake na msimamizi anapita kimya. Hapo ukimya umekuwa ruhusa. Yote mawili yasipokuwepo, ningebaki kwa ajili ya picha, na ya vita ningeyasema mahali ambapo kusema kuna kazi: kwa mbunge wangu, kwa shirika linalopeleka dawa, kwa marafiki wanaonijua sura.

Kabla ya kuamua, mwandikie msimamizi. Ningeandika hivi: "Habari za kazi. Ulifuta ujumbe wangu, na ninaelewa kwa nini ungetaka kuepusha ugomvi. Naomba kujua kanuni yenyewe ni ipi, na kama ni hiyo hiyo kwa vita vyote. Nina pendekezo pia: tufungue uzi mmoja wa siku tatu, usio na mjadala, wa kuulizana hali tu kwa wale walio na ndugu huko. Niko tayari kukusaidia kuusimamia." Mtumie faraghani, si kundini, na umpe siku kadhaa, ana wenzake watatu wa kushauriana nao, na mmoja wao huenda ndiye mwenye ndugu huko.